Kabati la Bati la Mwananyamala

Ndugu zetu Wakristo wana desturi ninayoipenda: mtu akivuka jambo zito husimama mbele ya kanisa akatoa ushuhuda, watu wakaitikia, akarudi kuketi akiwa mwepesi. Mimi ni Mwislamu na kazi yangu ni kupiga video, kwa hiyo sina madhabahu. Nina ukurasa huu. Na nililolivuka si ugonjwa wala jini. Ni maji yaliyoingia chumbani yakaondoka na harusi za watu.

Naishi Mwananyamala, upande wa bondeni, ambako Mto Ng'ombe ukijaa haubishi hodi. Kazi yangu ina upekee kidogo. Harusi za ukumbini napiga, lakini riziki yangu kubwa iko kwenye shughuli za wanawake: kichen pati, singo, siku ya kumtoa mwali. Huko mwanamume haingii, hata awe mpiga picha hodari kuliko wote Kinondoni. Somo anafundisha, bibi harusi yuko mkekani na kanga zake, mama zake wakubwa wanacheza mpaka madera yanalowa jasho, na mimi nimesimama na kamera. Kabla hawajavua mitandio huniangalia, kisha mmoja wao husema, "Huyu ni wetu." Kauli hiyo ndiyo leseni yangu. Siku video ya singo ikionekana kwenye simu ya kijana wa kijiweni, mimi sina kazi tena Dar es Salaam nzima, na ndoa ya mtu inaweza kuingia matatani.

Kazi ya namna hii ina mzigo wake. Kamera ndogo za siku hizi zikipiga 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja hula gigabaiti 45. Shughuli ya saa tano yenye kamera mbili ni gigabaiti 450, na hapo hujakata hata kipande. Halafu mteja wetu haji kuchukua kazi siku inapokamilika. Anakuja akimaliza kulipa, na wengine hawamalizi mpaka mtoto wa kwanza azaliwe. Lazima umtunzie. Wote tunaofanya kazi hii uswahilini tunategemea eksteno, zile diski za kuchomeka zilizomo ndani ya kisanduku cha plastiki. Kila kazi yangu ilikuwa na nakala mbili kwenye eksteno mbili, na zote zilikaa chumba kimoja, kwa sababu chumba nilichokuwa nacho ni kimoja.

Mwaka 2024 Idi el Fitri ilikuwa Aprili 10. Mfungo Mosi kwetu ndio mwezi wa harusi: waliosubiri Ramadhani yote huoana kwa mkupuo, na mpiga video halali. Kabla Aprili haijaisha, usiku wa mvua kubwa, maji yalipanda yakapita kitanda. Nilitoka nimemshika mwanangu mkono na mkoba wa kamera begani. Kabati langu lilikuwa la plaiwudi. Lililowa, likafumuka, likaanguka na kila kilichokuwa ndani yake. Aprili 25 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba watu 155 wamekufa nchini kwa mvua zile. Mbele ya hesabu hiyo diski zangu ni kitu gani? Nililijua hilo, na bado nililia.

Wateja walikuja mmoja mmoja. Waliopoa ni wale waliokuwa na vipande vya shughuli zao kwenye simu. Walichukua sehemu ya fedha zao wakanipa pole. Wengine walitaka fidia yote, na walikuwa na haki. Niliuza lenzi, nikauza taa, na ilipobaki kamera yenyewe nikaingia kwenye mkopo, ile mikopo ambayo mjini tunaiita kausha damu. Anayelijua jina hilo hahitaji maelezo; unarejesha kila siku, na usiporejesha wanakuja kukaa mlangoni kwako asubuhi wakati majirani wanachota maji. Usiku nilikuwa nakata video za studio za watu kwa malipo ya kipande. Mchana napiga picha za paspoti.

Yupo mmoja ambaye sikuwa na cha kumlipa. Bibi yake alicheza kwenye singo yake, mzee wa miaka mingi, amejifunga kibwebwe, watu wanamtunza noti kichwani. Wiki chache baada ya shughuli bibi akafariki. Binti alikuja baada ya mafuriko, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Dada, sitaki fedha. Nipe bibi yangu tu, hata bila muziki." Sikuwa naye. Mpaka leo sina.

Mpwa wangu aliyeko Muscat alipopata habari alinipigia akanifokea kwa mapenzi: kwa nini shangazi hutumii wingu? Weka kazi zako mtandaoni, maji hayafiki huko. Akanilipia akaunti. Nikaanza kupandisha kazi mpya. Sasa chukua kadi ya gigabaiti 64, chukua intaneti inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde, ambayo kwetu ni ya kushukuru: kadi moja tu inahitaji zaidi ya saa 28, mfululizo, umeme usikatike. Mei 12, 2024, kebo mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zikapata hitilafu kwa pamoja kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. SEACOM ndiyo iliyofika Dar es Salaam Julai 2009 tukaambiwa enzi ya setilaiti imekwisha, na ni kweli iliisha. Lakini wiki ile Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Hata ujumbe wa WhatsApp ulizunguka mpaka ukachoka. Kazi yangu moja ilikuwa nusu iko juu, nusu iko chini, na mteja yuko mlangoni.

Na tuseme kebo haikukatika. Ningewaeleza nini kina mama wa singo? Kwamba miili ya mabinti zao iko kwenye mashine ya mtu nisiyemjua, nchi nisiyoijua, na nywila yake iko kwenye simu inayoweza kuporwa na bodaboda pale Makumbusho? Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na inambana anayekusanya taarifa za watu kuzilinda. Wateja wangu hawajaisoma. Wao wana sheria yao ya zamani zaidi: kilichofanyika ukumbini kwa wanawake kinabaki kwa wanawake.

Msaada ulitoka nyumba ya pili. Kuna kijana hapa mtaani aliyesoma chuo cha DIT, fundi wa kompyuta, mkimya, anayeniita anti. Nilimpelekea zile eksteno zilizokunywa maji. Akazifungua, akanionyesha tope lililoingia mpaka kwenye sahani, akatikisa kichwa. Kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza: "Anti, kadi za kamera ziko wapi?" Ziko mkobani, nikamwambia, lakini nimeshazifuta, nimepigia kazi nyingine. Akasema nisizitie tena kwenye kamera.

Alikuwa na programu inaitwa PhotoRec, kazi ya Mfaransa Christophe Grenier, inayotolewa bure na maandishi yake ya ndani yako wazi kwa yeyote. Kadi inapofutwa, kinachoondoka ni orodha ya majina tu. Picha zenyewe hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. PhotoRec haisomi orodha. Inapita kadi nzima mwanzo mwisho ikitafuta alama ambazo kila aina ya faili huanza nazo. Video huwa ngumu kwa sababu hukatika vipande, na zangu nyingi zilitoka vilema: zinacheza, zinaganda, zinaruka. Hata hivyo shughuli mbili za mwisho nilizipata kwa kiasi cha kumkabidhi mtu. Bibi hakuwemo, kadi yake ilikuwa imeandikwa juu mara nyingi.

Nilimuuliza kijana ni kiasi gani amenunulia programu ile. Akacheka. Akanieleza habari za programu huria: kwamba si za wizi kama zile tunazobandikiwa Kariakoo, mwenyewe ametoa ruhusa uitumie, uichungulie, uibadilishe. Kumbe hata hapa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walishafanya kazi ya namna hiyo; Desemba 2004 walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili, chini ya mradi wa Kilinux. Miaka ishirini yote nimekaa mwendo wa daladala moja kutoka pale na sikuwa na habari.

Ndipo akaniambia: eksteno achana nazo. Tutengeneze diski moja kubwa ya mtandao, ikae mahali pamoja, kila kompyuta iifikie kwa kebo. Nikamuuliza bei. Kile kisanduku cha kiwandani cha kazi hiyo, kitupu bila diski, kilikuwa kinanishinda. Akasema kisanduku si lazima.

Hapa inabidi nisimulie habari za watu wa mbali kidogo, kwa sababu ndizo zilizonitoa woga. Mwaka 1988 wasomi watatu wa Berkeley, Marekani, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, waliandika kwamba diski nyingi za bei ndogo zikipangwa vizuri zinaweza kushinda diski moja kubwa ya bei mbaya, mradi upange ukijua kwamba moja itakufa. Kampuni moja ya California, Backblaze, ililichukulia jambo hilo kwa uzito. Septemba 2009 walitangaza mchoro wa sanduku lao jekundu lenye diski 45, terabaiti 67, lililowagharimu dola 7,867, wakaeleza kila skrubu, na ndani yake mnaendeshwa na Linux. Yeyote aige. Miaka miwili baadaye, mwishoni mwa 2011, mafuriko ya Thailand yalizamisha viwanda vya diski, bei zikapaa dunia nzima, na mabwana wale wakawa wanazunguka madukani kununua eksteno za rejareja na kuzipasua ili wachukue diski ya ndani. Niliposikia hivyo nilicheka peke yangu. Kumbe hata Wamarekani maji yaliwafikisha kwenye kupasua eksteno! Desemba ya mwaka huohuo Dar es Salaam nayo ilizama, watu zaidi ya 40 wakafa, na waliosalia bondeni wengine wakapelekwa Mabwepande.

Kijana akachapisha mchoro wa sanduku lile, tukaupeleka kwa mzee mmoja anayechomelea mageti na nondo za madirisha. Mzee akaushika mbali na macho, akaugeuza. "Binti yangu, mashimo yote haya ya nini? Unataka kufuga njiwa?" Tukamweleza. Hatukuhitaji mashimo 45, tulitaka sita. Akakata bati, akalikunja kwenye ukingo wa chuma, akatoboa upande wa feni. Alikosea kipimo cha kwanza, diski haikuingia, akatukana kidogo, akarudia bila kutuongezea bei. Tulichopigania naye ni usafi. Chengachenga za grenda zikibaki kwenye bati zikaangukia bodi ya kompyuta, mmeunguza kila kitu siku ya kwanza. Tuliliosha, tukalianika, tukalipaka rangi, tukasubiri likauke ndani na nje. Diski zenyewe hazikufungwa chuma kwa chuma. Kila moja inakaa juu ya vipande vya kandambili kuukuu, kwa sababu diski inazunguka mara maelfu kwa dakika, na zikiwa kadhaa kwenye bati moja zinatikisana.

Ubongo wake ni kompyuta ya mezani iliyotoka ofisini, ya mtumba, memori gigabaiti 8. Programu ni OpenMediaVault, ya Mjerumani Volker Theile, aliyewahi kufanya kazi kwenye FreeNAS, programu nyingine ya namna hiyo, kabla ya kutoa ya kwake mwaka 2011. Kijana alinifundisha kuitumia kwenye kivinjari kama ninavyotumia tovuti yoyote. Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa jinsi ya kupanga diski. Kuna mpangilio unaokupa nafasi zaidi kwa fedha ileile, na mimi nilikuwa naudoea. Yeye akang'ang'ania jozi: diski mbili zinaandikwa kitu kilekile kwa wakati mmoja, ikifa moja pacha wake anaendelea. Unanunua terabaiti nane unapata nne. Iliniuma. Leo nasema alikuwa sahihi, kwa sababu jozi hata mimi naielewa, na kitu ambacho mwenye nacho hakielewi hakina msaada usiku fundi akiwa msibani Tanga.

Juu ya jozi hizo aliweka ZFS, iliyozaliwa kampuni ya Sun Microsystems na kufunguliwa kwa umma mwaka 2005. Ninayoipendea ni mawili. Kwanza, haiandiki juu ya kilichopo. Inaandika pembeni kwanza, ikimaliza ndipo inahamisha kielekezi. Kwa mji ambao kuanzia mwishoni mwa 2023 ulipita kwenye mgao wa umeme mpaka mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ilipoanza kuwaka Februari 2024, na ambao hata bila mgao umeme hukatika ukikohoa, hilo si jambo dogo. Pili, kila kipande cha data kina hesabu yake ya uthibitisho. Mara moja kwa mwezi mashine inasoma diski nzima, inalinganisha, na ikikuta kipande kimeoza inachukua kizima kutoka kwa pacha. Vilevile inaweka kumbukumbu ya hali ilivyokuwa kila saa. Wanaofanya kazi na flashi za wateja wanajua kwa nini nafurahia: flashi moja ya MC wa harusi inaweza kuleta virusi vinavyogeuza folda zako zote kuwa takataka. Ikitokea, tunarudi kwenye hali ya saa iliyopita.

Diski ndizo zilizokula fedha. Hapo nilirudi kwenye kitu ninachokijua vizuri kuliko kompyuta, mchezo. Tulikuwa studio tatu na mpiga picha mmoja wa mitaani, wote tumeguswa na maji au na diski zilizokufa zenyewe. Tukaanzisha mchezo wa diski. Kila mwezi tunachanga, na anayepokea hapokei fedha mkononi, anapokea diski, inaingia kwenye kabati letu la bati ina jina lake kwa kalamu ya wino mzito. Mmoja alijitoa katikati akidai nafanya biashara kwa mgongo wa wenzangu. Tulimrudishia chake. Ilichelewesha, haikuzuia.

Kununua diski Kariakoo kunataka macho na kunataka laptopu. Kuna eksteno zinazouzwa kwa bei ya nyanya, zimeandikwa terabaiti 16, ndani mna kipande cha flashi kidogo kilichodanganywa kitaje ukubwa ambao hakina. Unaandika, inakubali, siku ya kusoma hakuna kitu. Kijana halipi kabla hajaijaza diski data na kuisoma tena. Za mtumba zina daftari lao ndani. Muuzaji anaweza kuapa kwamba imetumika kidogo ofisini. Uliza diski yenyewe kwa programu ya smartctl, itakutajia saa ilizowahi kuwaka. Mwaka una saa 8,760. Ikisoma 40,000, hiyo imekesha zaidi ya miaka minne na nusu, pengine kwenye mashine ya kamera za ulinzi. Hata mpya zina mtego wake: zipo zinazoandika mistari kwa kulaliana kama vigae, nafuu, ila ukiziweka kwenye jozi hukwama zinapojengwa upya. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za WD Red, zilizotangazwa kwa kazi hiihii, zilikuwa za namna hiyo. Kwa hiyo tunasoma namba ya toleo, hatusomi rangi ya lebo.

Mahali pa kuliweka kabati palituchosha vichwa. Likae juu kwa sababu ya maji. Lakini nyumba ya bati Dar es Salaam, juu ndiko kwenye tanuri; mchana wa Februari ukipeleka mkono karibu na dari unaurudisha. Alama ya maji ya 2024 ipo ukutani mpaka leo, sijaipaka chokaa. Tukalifunga ukuta wa ndani, juu ya mlango, mkono mmoja juu ya alama hiyo na mbali na dari, feni inavuta hewa kutoka upande wa kivuli. Waya wa ardhi tulivutiwa na fundi umeme mwenye leseni. Chini yake pana UPS ya mtumba tuliyoibadilisha betri. Umeme ukikatika, programu iitwayo NUT inahesabu, na betri ikikaribia kwisha inaizima mashine kwa adabu.

Kebo tumepitisha kwenye bomba la plastiki hadi studio iliyo ukuta wa pili. Swichi ni ya gigabiti, na hapo usibane senti: kadi ya gigabaiti 64 inapita kwa dakika kama kumi, wakati kwenye swichi ya zamani ya megabiti 100 ni saa moja na nusu. Wa ng'ambo ya barabara anakuja na laptopu yake, anachomeka, anakunywa chai, anaondoka. Kompyuta zao za Windows zinaona folda kama ziko ndani mwao, kwa kazi ya Samba, ambayo Andrew Tridgell wa Australia aliianza akiwa bado mwanafunzi. Kila mmoja ana nywila yake. Folda ya shughuli za wanawake naifungua mimi tu; hata kijana aliyeijenga hana ufunguo, na yeye mwenyewe ndiye aliyetaka iwe hivyo.

Ila diski pacha si akiba. Moto ukiwaka mapacha wanaungua pamoja, mwizi akiliona kabati anabeba lote. Ndiyo maana iko diski ya tatu, imefungwa kwa nywila, inakaa Temeke kwa shangazi yangu, kwenye sanduku la nguo juu ya kabati lake. Kila mwisho wa wiki wenye kazi nyingi naipeleka kwa daladala ikiwa imeviringishwa kwenye kanga, narudi na ile ya zamu iliyopita. Wajukuu wa shangazi wakiichomeka kwenye televisheni hawaoni kitu. Shangazi hajui ndani mna nini na hajauliza. Alisema tu, "Kama ni mali ya watu, itakaa."

Mwaka 2025 Mfungo Mosi uliingia tena pamoja na masika. Harusi zimejaa, mvua inapiga bati, na asubuhi moja ujumbe ukaingia kwenye simu yangu kutoka kabatini: diski fulani imekufa. Ilikuwa na jina langu. Magoti yalilegea kwa mazoea, kisha nikafungua folda, kila kitu kipo. Mwenzangu wa ukuta wa pili alikuwa anakata video ya sendofu muda huohuo na hakujua kama kuna msiba. Kijana alikuja baada ya kazi zake, akachomoa iliyokufa, akaweka ya akiba, mashine ikaanza kunakili kutoka kwa pacha. Ilimaliza usiku. Niliipeleka kazi ya watu siku niliyoahidi.

Deni la kausha damu nimelimaliza. Lenzi sijainunua tena, naazima. Bati linahitaji rangi upande mmoja kwa sababu hewa ya chumvi imeanza kulila, na nafasi mbili kati ya zile sita bado ni tupu, mchezo unaendelea.

Wewe unayefanya kazi kama yangu, Mwananyamala, Tandale, Mbagala au popote, na kazi za watu unazo kwenye eksteno moja juu ya meza: masika hayako mbali. Mchoro wa kabati letu tumeuweka safi, na vipimo vilivyosahihishwa na mzee vimo. Njoo na flashi isiyo na virusi uuchukue. Kwa mchoro hatudai kitu. Bati utamlipa mzee.